Uani kusikokauka: kabla ya kumwaga kifusi kingine, tafuta maji yanatoka wapi

Swali: "Nyumba yetu iko Boko, Dar es Salaam, ina miaka mitano. Uani ni kama mita 12 kwa 8, na nyuma kuna ukuta wa jirani uliojengwa mwaka juzi. Kila masika ni matope mpaka vifundoni, na hata mvua ikikatika maji yanakaa wiki nzima. Mwaka jana tulimwaga malori mawili ya kifusi. Matope yamerudi, na sasa maji yanafika mlango wa jikoni. Juu udongo ni kichanga, ukichimba kidogo unakuta mweusi unaonata. Mipapai miwili imekufa. Karo la choo liko huko huko uani, kuku wako huko, watoto wanacheza huko. Fundi mmoja anasema tumwage zege uani kote, mwingine anasema tuchimbe shimo kubwa tulijaze mawe. Fedha tuliyonayo ni ya kazi moja tu. Tufanye ipi?"

Dada yangu, kwa sasa usifanye hata moja. Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi hao. Zege lina kazi yake, shimo la mawe lina kazi yake, na mimi mwenyewe nimejenga vyote viwili mara nyingi. Lakini katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu amekuuliza maji hayo yanatoka wapi, wala yatakwenda wapi yakiondoka. Maswali hayo mawili yasipojibiwa, fedha yako itafuata malori yale mawili ya kifusi.

Nianze na hicho kifusi, maana kimekufundisha jambo bila wewe kujua. Unasema juu ni kichanga na chini ni mweusi unaonata. Sehemu nyingi za Dar ziko hivyo. Kichanga kinakunywa mvua upesi sana, maji yanashuka sentimita 30 au 40, yanakuta mfinyanzi, yanakwama hapo. Yanakaa juu ya mfinyanzi kama mchuzi kwenye sinia, na kichanga ndicho wali. Ulipoongeza kifusi uliongeza wali. Sinia halikutobolewa, na ukingo wake haukushushwa upande wowote. Zaidi ya hapo, kifusi kimeinua kitovu cha uani, kwa hiyo maji yaliyokuwa yanatuama katikati yamesukumwa pembeni, na pembeni ndiko uliko mlango wa jikoni.

Mipapai yako nayo imetoa ushahidi. Mpapai hauvumilii maji kwenye mizizi. Ukizama siku mbili au tatu tu mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yananyauka juu ya ardhi iliyolowa mpaka mwenyewe unashangaa. Kwa hiyo naamini unaposema maji yanakaa wiki nzima, na najua yamekaa ndani ya udongo, si juu tu. Tazama pia yaliyoota yenyewe bila kupandwa. Ndago zikitawala kona moja, au yakitokeza matete, kona hiyo ndiyo inayokaa na maji muda mrefu kuliko kwingine, hata kama leo inaonekana kavu.

Sasa hesabu ya paa, ambayo watu wengi hawaifanyi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Hukunitajia ukubwa wa nyumba, lakini tuseme ni mita 10 kwa 12, na nusu ya paa inateremkia uani: hiyo ni mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo masika inaweza kunyesha katika siku moja, itashusha lita 3,000 kutoka kwenye hayo mabati. Uani kwenyewe, mita 96 za mraba, kutapokea lita 4,800 moja kwa moja kutoka mbinguni. Jumla ni lita 7,800, na karibu asilimia 40 yake haikuwa na haja ya kugusa udongo wako kabisa. Ilidondoka hapo kwa sababu hukunitajia gata, nami nachukulia hamna. Aprili, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Dar, wastani wake unapita milimita 200. Fanya hesabu hiyo kwa paa lile lile: lita 12,000 na ushee kwa mwezi mmoja, zote zikidondoka kwenye mstari mwembamba ulio karibu na msingi wa nyumba, penye udongo uliotifuliwa na mafundi wakati wa ujenzi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kama fedha ni ya kazi moja tu, ni gata. Gata upande wa uani, lenye mteremko wa kama nusu sentimita kwa kila mita, liishie kwenye bomba la kushushia maji. Kama mna uwezo wa tenki, maji hayo ni mali: ya kufulia, ya kupigia deki, ya choo. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaachie yapite, maana yanabeba vumbi na vinyesi vya ndege. Lakini sikiliza jambo hili kwa makini. Tenki la lita 2,000 litajaa kwa mvua moja, na kinachofuata ni maji ya ziada kufurika mguuni pa tenki na kuchimba shimo jipya la matope hapo. Bomba la ziada ya tenki ni muhimu kama tenki lenyewe, na lazima lipelekwe kule mtakakokuwa mmeamua maji yote yaende. Tenki lifunikwe, na mdomo wa bomba uwekwe wavu. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyoisumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, hawapendi madimbwi ya matope. Wanapenda maji safi yaliyotulia kwenye mapipa, matenki yaliyo wazi na magata yaliyozibwa na majani. Usiondoe tatizo moja ukajenga makazi ya jingine.

Tukishaondoa paa, tunabaki na mvua iliyoanguka uani yenyewe, na pengine maji ya watu wengine. Hapa ndipo lazima upime. Barua yako imefika mwezi wa saba, wakati mzuri: mvua kubwa zimepita, vuli haijafika, na maji ya chini bado hayajashuka sana. Chimba mashimo mawili ya majaribio, moja mahali pabaya kuliko pote na jingine karibu na nyumba, upana wa sentimita 30, kina sentimita 60. Yafunike kwa ubao mzito ili mtoto au kuku asitumbukie, ulale. Asubuhi tazama. Ukikuta maji ndani ya shimo na hakuna aliyemwaga wala mvua iliyonyesha, maji yanatoka chini au pembeni. Ukikuta pakavu, jaza maji mpaka juu, yaache yaishe, kisha jaza mara ya pili. Hii ya pili ndiyo ya kupima, kwa sababu ya kwanza udongo ulikuwa na kiu. Simamisha kijiti chenye alama na uangalie yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka zaidi ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo huo unaweza kusaidia kunywa maji. Yakishuka chini ya sentimita moja, usitegemee shimo la kunywea maji, yaani shimo ambalo udongo wake unanywa maji ya mvua kama hilo la mawe, katika kina hicho, hata fundi akuapie.

Nasema "katika kina hicho" kwa makusudi. Endelea kudidimiza mtaimbo chini ya shimo. Mara nyingine tabaka la mfinyanzi ni la nusu mita tu na chini yake kuna mchanga mzuri. Ukilitoboa hilo, maji yanaondoka kama beseni lililochomolewa kizibo. Mara nyingine mfinyanzi unakwenda chini mita nyingi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ushauri wa fundi wako wa pili ni wa busara au wa kupoteza fedha, na kuijua haikugharimu chochote ila jasho la mchana mmoja.

Nina sababu ya kusisitiza. Miaka kadhaa iliyopita nilichimba shimo la namna hiyo Kigamboni, mwezi wa Januari. Mita mbili kwenda chini palikuwa pakavu, mchanga mweupe, nikaridhika. Sikumwuliza mtu yeyote wa eneo lile kisima chake kinafika wapi wakati wa masika. Aprili mwenye nyumba alinipigia simu. Shimo lilikuwa limejaa hadi shingoni, na si kwa maji ya paa. Maji ya ardhini yalikuwa yamepanda. Nilirudi nikaibadilisha kazi ile kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sichimbi shimo la kunywea maji kabla ya kutembelea visima vitatu vya majirani na kuuliza. Huko Boko nawe waulize wenye visima: masika maji yako kina gani? Wakikujibu mita moja au moja na nusu, ujue shimo la mita mbili litakuwa kisima, si njia ya kutokea.

Hata udongo ukikubali, shimo lililojazwa mawe lina hesabu yake. Shimo la mita 1.5 kila upande lina ujazo wa lita 3,375. Ukilijaza mawe, nafasi inayobaki kati ya mawe ni kama theluthi moja, yaani lita 1,100 hivi. Linganisha na zile lita 7,800 za mvua moja. Ndiyo maana watu wanaona shimo lao "limeziba" msimu wa kwanza, kumbe halikuziba, lilijaa tu. Likihitajika, ni bora lijengwe kwa matofali yaliyopangwa yakiachiana nafasi bila saruji ubavuni, liwe tupu ndani, na lifunikwe kwa mfuniko wa zege wenye nguvu. Liwe mita tano kutoka kwenye msingi, na lisikaribiane na karo. Na kwenye kichanga mtu asishuke kuchimba zaidi ya kimo cha kifua bila kuegemeza kuta kwa mbao. Kichanga kilicholowa kinaporomoka bila kutoa sauti.

Kuna jambo jingine ambalo mashimo ya majaribio yanaweza kufichua. Nyumba ina miaka mitano tu. Uliza, au kumbuka, zege lilikorogewa wapi wakati wa ujenzi. Mara nyingi ni uani. Nimekuta, zaidi ya mara moja, bapa la zege gumu lililofukiwa sentimita 10 chini ya udongo, upana wa chumba, hakuna aliyekuwa akijua lipo. Juu yake pamekuwa dimbwi kwa miaka, na dawa yake ilikuwa sululu na nusu siku. Vivyo hivyo njia yalikopita malori ya matofali: udongo ulishindiliwa ukawa kama sakafu. Sehemu hizo zivunjwe na kutifuliwa, lakini wakati zimekauka kiasi. Chukua bonge la udongo ulibonyeze. Liking'aa na kunata, subiri, kwa sababu kulima mfinyanzi uliolowa ni kuutengeneza tofali.

Sasa mteremko. Hapa sihitaji mashine na wewe huhitaji. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 20, ule mafundi wanaoutumia kuchukulia leveli, ujaze maji bila kuacha mapovu. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye mlango wa jikoni, mwingine atembee na ncha ya pili. Maji kwenye ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja siku zote, kwa hiyo ukipima kutoka kwenye maji hadi ardhini kila unaposimama, utajua wapi ni juu na wapi ni chini. Macho yanadanganya sana uani, hasa penye ukuta usionyooka. Pima pembe nne, katikati, kichochoro cha pembeni ya nyumba, na mwisho kabisa mtaro wa barabarani mbele ya nyumba. Andika namba.

Unachotafuta ni hiki: je, mtaro wa barabara uko chini kuliko uani? Maji yanaweza kutembea kwa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Kwa kichochoro cha mita 20, unahitaji tofauti ya sentimita 20 tu. Kama ipo, tatizo lako limekwisha kwa sehemu kubwa, na kwa bei ndogo kuliko unavyofikiri: mfereji wa wazi, si wa kina, uliosakafiwa kwa saruji, unaoanza kona ya chini ya uani, unapita kichochoroni, na kutokea mbele. Mimi napenda mfereji wa wazi kuliko bomba lililofukiwa, na nitakuambia sababu. Mfereji unauona. Jani likikwama unaliona, mchanga ukijaa unafagia, mtoto wa miaka kumi anaweza kuusafisha. Bomba likiziba unagundua siku ya mvua kubwa, na wakati huo maji yako jikoni. Penye mlango au njia ya kupita weka vifuniko vya zege vinavyonyanyuka.

Uani penyewe pachongwe ili pateremke kutoka nyumbani kwenda kwenye mfereji huo, sentimita 2 kwa mita. Karibu na ukuta wa nyumba, mita tatu za mwanzo, uwe mkali zaidi, jumla ya sentimita 15. Kifusi ulichomwaga hakikupotea: kisogezwe, sehemu kubwa ipelekwe upande wa nyumba, kishindiliwe. Ila udongo usipande kufunika msingi. Ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, la sivyo unyevu utapanda ukutani, plasta itaanza kubanduka na chumvi nyeupe kutokeza. Nakuomba ukague ukuta wa jikoni leo hii kwa dalili hizo, maana kifusi kikiwa kimeegemea hapo tangu mwaka jana inawezekana zimeshaanza.

Na kama barabara iko juu kuliko uani? Hapo tunarudi kwenye mashimo ya majaribio, na kwa jirani.

Ukuta wake ulijengwa mwaka juzi. Nyumba ina miaka mitano. Miaka ile ya kwanza hali ilikuwaje? Kama matope yalikuwa machache, basi maji yako yalikuwa yanapita kwake kuelekea bondeni bila mtu kujua, na ukuta umekuwa boma la kuyazuia. Jirani hana kosa kujenga kwenye mpaka wake, na wewe huna kosa maji kuteremka. Lakini maji hayana hati ya kiwanja. Mwendee na sinia la vitafunio, si na malalamiko, na umwonyeshe ukuta wake kwa ndani: ukuta unaozuia maji unabeba uzito ambao haukujengewa, na msingi wake ukilowa kila masika utaanza kupasuka au kuinama. Matundu machache chini ya ukuta, yenye mabomba ya inchi nne, yanayotokea kwenye mfereji ndani ya eneo lake hadi barabara ya chini, yanamfaa yeye kama yanavyokufaa wewe, na haki ni wewe uchangie mfereji huo. Mkikubaliana, andikeni, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie, kwa sababu viwanja vinauzwa na anayekuja hakuwepo. Nimeona watu wakitoboa ukuta usiku. Usifanye hivyo, wala usimruhusu fundi afanye. Ugomvi wa maji kati ya majirani unarithishwa hadi kwa watoto.

Inawezekana pia ni kinyume: yeye yuko juu, na maji yake ndiyo yanayopenya chini ya ukuta kuja kwako. Shimo la majaribio karibu na ukuta litakuonyesha, maji yakichuruzika kutoka ubavu mmoja tu. Hapo ndipo mtaro wa kokoto unapostahili. Unachimbwa sambamba na ukuta, mita moja kutoka kwake ili usidhoofishe msingi, upana sentimita 30, kina cha kutosha kuugusa mfinyanzi. Ndani yake panatandikwa kitambaa cha kuchujia, kokoto zilizooshwa, bomba la inchi nne lenye matundu yaliyogeuzwa chini, kokoto tena, kisha kitambaa kinakunjwa juu. Mtaro wa mita 12 wenye kina cha nusu mita utakula karibu mita 2 za ujazo za kokoto. Unayakamata maji kabla hayajafika uani na kuyapeleka kwenye mfereji wako. Wamarekani huuita "French drain", kwa jina la Henry French wa Massachusetts, aliyeandika juu ya kukausha mashamba mwaka 1859, na watu wengi hudhani ni jambo la Ufaransa. Wengine wanatumia salfeti badala ya kitambaa. Kama ndicho kilichopo tumia, ila ujue inachuja vibaya na vumbi la mfinyanzi linaweza kuiziba. Na mtaro huu bila mahali pa kutokea ni kaburi la kokoto tu. Usikubali fundi aanze kuchimba kabla hajakuonyesha kwa kidole mwisho wake uko wapi.

Nimeliacha karo mpaka sasa, lakini kwa umuhimu ni la kwanza. Maji yanapokaa wiki nzima uani penye karo, lazima tujue kama matope hayo ni ya mvua peke yake. Je, wakati wa masika choo kinashuka polepole, au kinarudisha? Je, pana harufu karibu na chemba? Mwaga rangi ya chakula, ile nyekundu, chooni, usukume kwa maji mengi, na uangalie kwa siku mbili kama itatokeza kwenye matope. Ikitokeza, watoto wasikanyage huko kwa miguu mitupu hata siku moja zaidi. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na kipindupindu hakihitaji maelezo kwa mtu wa Dar. Hapo fedha yako ya kazi moja iende kwenye karo, gata lisubiri. Mifuniko iinuliwe sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi na kuzibwa kwa saruji pembeni ili maji ya mvua yasiingie. Kisima, chako au cha jirani, kiwe mbali na karo angalau mita 30. Na usiite gari la kunyonya wakati maji ya ardhini yamejaa pande zote, kwa sababu karo tupu linasukumwa kutoka nje na kuta zake zinaweza kuvunjika. Linyonywe sasa, kiangazi.

Kuna desturi moja inayonihuzunisha kila ninapoikuta: bomba la paa kuunganishwa kwenye chemba ya choo "ili maji yapotee". Hayapotei. Lita 3,000 zikiingia kwenye karo kwa saa moja zinafukuza lita 3,000 za uchafu kutoka upande mwingine, na uchafu huo unakuja uani kwako au kwa jirani. Fundi akikupendekezea hilo, mshukuru na umlipe nauli.

Zege uani kote, sasa. Ubaya wake si kwamba halikauki. Ni kwamba halinywi kabisa. Zile lita 4,800 zitateremka zote kwa dakika chache kuelekea sehemu ya chini, na mpaka sasa sehemu yenu ya chini ni mlango wa jikoni. Uani kutakuwa na joto, na mkitaka kurekebisha mteremko baadaye itabidi mvunje. Ukanda wa zege wa upana wa mita moja kuzunguka nyumba, unaoteremka kwenda nje, huo naunga mkono kwa moyo wote. Penye kamba ya nguo na njia ya kwenda chooni weka vitofali vya pevingi, lakini chini yake pawe na kokoto zilizoshindiliwa, sentimita 10 hadi 15, na mchanga wa kusawazishia. Pevingi iliyolazwa juu ya matope, mtu akikanyaga tofali moja matope yanaruka kutoka kwenye tofali la pili.

Sehemu iliyobaki iache iwe udongo wenye ukoka, kwa sababu mizizi inafungua udongo na majani yanazuia matone yasiupige. Mfinyanzi ulio juu uchanganye na samadi iliyooza au mboji kwa wingi. Usijaribu kuulainisha kwa ndoo chache za mchanga, mchanganyiko huo ukikauka ni tofali. Kona ya chini kabisa, itakayokuwa ya mwisho kukauka hata baada ya kazi zote, panda migomba na magimbi na uelekeze huko maji ya kufulia kidogo kidogo. Mipapai mingine ipande juu ya tuta, upande wa nyumba, nusu mita juu ya usawa wa zamani. Banda la kuku linyanyuliwe kwa miguu, sakafu itandikwe maranda makavu yanayobadilishwa, kwa sababu kuhara damu kwa vifaranga kunapenda sana unyevu. Maranda hayo yasimwagwe uani kwenyewe kama dawa ya matope. Wiki mbili unafurahi, msimu unaofuata yameoza na yamekuwa sifongo.

Jumamosi hii, basi, fanya mambo matatu: chimba yale mashimo mawili, kopa au nunua mpira wa leveli, na mwaga rangi chooni. Kisha niandikie namba hizi: maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa katika kila shimo, mfinyanzi unaanza kina gani na mtaimbo umeutoboa au la, na mtaro wa barabara uko sentimita ngapi chini au juu ya kizingiti cha mlango wa jikoni. Ongeza upana wa kichochoro cha pembeni. Kwa namba hizo nitakuchorea mfereji upite wapi, uwe na kina gani kila mita tano, na fundi ataujenga kabla vuli haijaanza mwezi wa kumi.